Ulimi wa Basilia Yujra

Kwetu Kalapata mapipa hayaandikwi. Mwenyekiti wa chama chetu, Nicanor Poma, aliwahi kununua kopo la rangi nyeupe ili aandike kwenye mapipa ya kiwanda "la kwanza" na "la pili". Wanawake walimcheka mpaka rangi ile akaipaka mlango wa choo. Rangi ya nini, walimwuliza, na Basilia yupo?

Kiwanda chenyewe si cha kujivunia sana. Ni banda la matofali na bati, majiko mawili ya kuni, mtungi wa gesi, mashine ya kufungia vizibo iliyonunuliwa kuukuu kwa muuza bia, na mapipa mawili makubwa yenye bomba chini. Humo ndimo inamotengenezwa Kalapateña, soda yetu ya majani ya koka, inayouzwa mpaka La Paz. Majani tunayachemsha mara mbili. Maji ya kwanza, yanayochemshwa pamoja na maganda ya machungwa, ndiyo soda yenyewe: mna uchungu wa jani, harufu ya ganda, na ile ganzi ndogo inayobaki kwenye ncha ya ulimi ukishameza. Maji ya pili ni ya majani yaleyale yaliyokwisha kutoa kila yalichokuwa nacho. Hayo tunaoshea kreti, na yanayobaki wanakunywa nguruwe. Yakishamiminwa mapipani, jicho haliwezi tena kuyatofautisha. Ulimi ndio unaoweza, na ulimi wa kazi hiyo ulikuwa mmoja tu.

Basilia Yujra alizaliwa bonde la pili, kwa watu waliokuwa wakichuma koka kabla hata ya kanisa kuwa na mnara. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimfunga kitambaa machoni mbele ya wageni, akamtia jani mdomoni, na mtoto akasema: hili la mtelemko wa juu, hili limenyeshewa likiwa bado kwenye mawe ya kuanikia, hili limechumwa na mtu mvivu. Hilo la uvivu watu walilicheka, ila mjomba wake, aliyelichuma, hakucheka. Efraín Tarqui alisikia habari za ulimi huo kabla hajaiona sura. Alivuka bonde na majani matatu mfukoni ili ampime, akapimwa yeye, akaoa.

Efraín alikuwa mtu wa mawazo mengi, na nusu ya mawazo yake hayakuwa na miguu. Soda ilikuwa ya ile nusu nyingine. Alichoka kuona majani yetu yakiondoka maguniani kwenda kuwatajirisha wengine, akawashawishi wanachama, akajenga banda kwa mikono yake. Miaka miwili ya mwanzo soda iliuzika kwa taabu. Ilikuwa chungu, wateja wa mjini wakasema inafanana na dawa ya minyoo. Efraín akawa anapika, anajaribu, anamletea mkewe kijiko. Basilia anaonja, anasema "bado", mume anarudi jikoni akipiga mluzi. Ndivyo walivyopendana wale. Wengine hupeana maua.

Sasa niseme habari ya asubuhi moja, kwa kuwa yote yaliyofuata yametoka humo.

Ilikuwa Machi. Basilia alikuwa na majani mabichi uwanjani, yametandazwa kwenye mawe bapa, na wingu limekaa juu ya mlima. Jani la koka lina siku moja tu ya kukauka. Likinyeshewa linakuwa jeusi na hakuna wa kulinunua. Alikuwa ameinama na ufagio, akiyageuza kwa haraka, Efraín akaja na kijiko, mkono wa pili umekinga chini yake.

"Onja hii. Nimetia ganda la chungwa."

"Koka na ganda la chungwa? Kawape nguruwe."

"Onja kwanza ndio utukane."

"Efraín, huoni wingu? Nina majani chini, wewe unanichezea vijiko!"

"Tone moja tu, mama. Lori linaningoja."

Akakisogeza kijiko mpaka mdomoni. Basilia akageuza uso. Kijiko kikamgonga shavu, maji yakamwagikia shali yake. Efraín akasema kitu, au akacheka. Hilo Basilia hakuweza kulikumbuka tena, na amelitafuta sana. Kisha akashuka barabarani na kupanda lori lililobeba kreti thelathini. Habari ya ajali ilifika saa tisa. Barabara yetu mnaijua, au kama hamuijui, shukuruni.

Basilia hakulia. Si siku ile, si mazishini, wala mwezi uliofuata. Alipika, akafua, akawapokea wageni, akawauliza habari za watoto wao. Sisi tukasema. Kinywa jumba la maneno, na Kalapata ina vinywa themanini. Tukasema ana moyo wa jiwe, tukasema labda palikuwa na jambo kati yao, tukasema hata mbwa wa Efraín alilia. Mimi nami nilisema, sikatai.

Tusilolijua wakati ule ni hili. Usiku wa matanga alipewa koka kama kila aliyekuwapo, akajaza shavu, akangoja. Hakuna. Hakusikia uchungu wala ganzi. Alidhani majani ni mabaya. Asubuhi akapewa supu ya kondoo, ikawa maji moto. Akalamba chumvi kiganjani, ikawa mchanga. Alingoja wiki, akangoja mbili. Mdomo wake ulikuwa chumba kilichohamwa, na jambo la ajabu ni kwamba hata hilo halikumshtua. Alilitazama tu, kama mtu anayetazama mvua ya shamba la jirani.

Mwezi wa pili baada ya mazishi chama kikaikuta karatasi ya Efraín mfukoni mwa koti lake la kazi, imeandikwa vipimo vyote, na maganda ya machungwa yamepigiwa mstari. Wakapika. Wakamwita Basilia. Watu kumi na wanne wakasimama kumzunguka, Nicanor mwenyewe akamshikia kikombe. Basilia akatia kijiko mdomoni, hakusikia chochote, akawatazama. Angesema kweli, wangemwuliza: tangu lini? Na ndani ya hiyo "tangu lini" kulikuwa na kijiko, na shavu, na mambo ya nguruwe.

"Imetoka," akasema.

Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Kalapateña ya maganda ikapendwa mpaka mjini, na aliyeipitisha, pipa baada ya pipa, miaka mitatu, hakuwa ameionja hata mara moja.

Alijifunza kudanganya kwa uangalifu, kama anavyofanya kila kitu. Alihesabu dakika za kuchemka. Alitazama povu. Zaidi ya yote alitegemea mkono wa wifi yake, Delfina, dada wa Efraín, mwanamke wa kelele na mpango, ambaye siku zote aliweka maji ya kwanza pipa la kushoto na ya pili pipa la kulia. Basilia huchota la kushoto, hutia kijiko mdomoni, huhesabu mpaka nane, huitikia kwa kichwa. Hakukosea hata siku moja. Waliosema "mficha maradhi kifo humuumbua" hawakumjua Delfina na utaratibu wake.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyengoja kitu kwa ulimi wake mwenyewe, naye ni Mama Melchora, mama yake Efraín.

Wafu wetu hurudi tarehe mosi Novemba saa sita mchana, huondoka kesho yake saa sita mchana. Anayetaka kubisha akabishe kwao. Unamtandikia meza, unampikia alichopenda, unampa mikate ya sura za watoto na mikate ya ngazi ya kushukia, naye anakula. Utajuaje amekula? Ukiondoa meza, unaonja. Chakula kina umbo lakini ladha imekwenda, kwa kuwa yeye ameichukua. Miaka mitatu mfululizo unamtandikia. Wa tatu ndio wa kumuaga, mjane anavua weusi, marehemu anaenda zake. Asipokuja huo wa tatu, basi.

Mwaka wa kwanza Mama Melchora aliionja soda iliyokuwa mezani, akaishusha polepole.

"Bado ina ladha," alisema. "Hakuja."

Mwaka wa pili hivyohivyo. Akaongeza, bila kumtazama mtu: "Mtoto wangu amekasirika na nani, sijui."

Basilia alisimama hapohapo ameshika sinia. Alijua amekasirika na nani.

Kwa hiyo mwaka wa tatu ulipofika, Basilia alitaka kitu kimoja duniani, kama ni haki kuita huko kutaka, maana hakukuwa na joto lolote ndani yake: Efraín aje anywe. Si kwa ajili yake. Yeye alishajihesabu kama deni lisilolipika. Ni kwa ajili ya bibi kizee yule wa miaka sabini na tisa, ambaye kila alipokuwa akipita mbele ya picha ya mwanawe alikuwa akiigeuza kidogo, kama wanavyofanya watu walionuniwa.

Siku ya Alhamisi, siku mbili kabla, tulipika toleo la wafu. Hilo hatulionji. Kreti moja ni ya meza, arobaini nyingine za kwenda La Paz Jumatatu, ila hakuna aliye hai anayekunywa kabla wafu hawajaondoka, ni adabu. Mwonjaji tu ndiye hupimia, kwa kijiko, tena hatemi wala hasemi neno. Kijiji kizima siku hiyo kilikuwa kimechanganyikiwa na mikate. Tanuri lilikuwa moja, familia ishirini, na wanawake walikuwa wakigombea zamu kama kuku.

"Wifi!" Delfina aliita toka nje, unga hadi kwenye nyusi. "Nimeshamimina yote mawili! Malizia wewe, huku Hortensia ataniibia zamu yangu, yule mwanamke hana haya!"

"Nenda," Basilia akasema.

Akaingia. Mapipa yalikuwa mahali pake. Akachota la kushoto, akatia kijiko mdomoni, akahesabu mpaka nane. Akaitikia kwa kichwa ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama. Kisha akaweka sukari, akaweka gesi, wasichana wawili wakaja kufunga vizibo, na jioni kreti arobaini na moja zilikuwa zimepangwa ukutani.

Jumamosi meza ikatandikwa. Kitambaa kilikuwa cheupe, kwa kuwa mwaka wa tatu si wa weusi tena. Miwa miwili ilisimamishwa kama mlango, vitunguu vikawekwa na majani yake ya kijani ili abebee maji njiani, magimbi, nyama kavu, mahindi ya kuchemsha, ndizi, sigara tatu, na soda kumi na mbili mbele ya picha. Saa sita kamili Mama Melchora akafungua vizibo kimoja kimoja, na kila kimoja kilipolia "pss" alisema, "Karibu, mwanangu." Majirani wakaja kusali na kulipwa mikate. Nicanor alisali vibaya kama kawaida, akapewa mkate mkubwa kwa ajili ya cheo. Basilia alihudumia. Alikuwa anatembea kati ya watu na sinia, na ukimwuliza baadaye nani alikuja, asingeweza kukuambia.

Jumapili, saa sita, tukamsindikiza Efraín kwa sala ya mwisho mpaka mlangoni. Delfina akamvua Basilia shali nyeusi, akamvika ya kijani. Kisha kila mtu akamtazama bibi kizee.

Mama Melchora akachukua chupa. Akanywa funda moja. Akalizungusha mdomoni. Akanywa la pili.

"Delfina," alisema. "Hebu onja."

Delfina akaonja. Macho yakamtoka.

"Maji! Mama, maji ya sukari tu! Hata ganzi haina!"

"Lete huku!" Nicanor akanyang'anya, akanywa, akapiga paja. "Amekunywa! Jamani, Efraín ameimaliza yote! Hajaacha hata harufu!"

Nyumba ikalipuka. Chupa zikapita mkono kwa mkono, kila anayeonja anapiga kelele: maji, maji, maji matupu! Tulikumbatiana. Mzee mmoja akaanza kucheza peke yake. Na Mama Melchora, ambaye kwa miaka mitatu hatukuwa tumeyaona meno yake, aliiweka chupa tupu mapajani, akaifunika kwa shali yake, akacheka bila sauti huku machozi yakimtiririka.

Basilia naye alipewa. Akanywa. Hakusikia chochote, kama ilivyokuwa desturi. Lakini alimwona bibi akicheka, na akajiambia: basi, amekuja. Alingoja furaha, haikuja. Hata hivyo aliona kwamba mabega yake yameshuka kidogo.

"Bi Basilia!" Nicanor akaita. "Sasa tuletee kreti moja ambayo marehemu hajaigusa, walio hai nao wana koo!"

Watu wakacheka. Basilia akachukua funguo.

Banda lilikuwa na joto la bati. Alitaka kuosha mikono kwanza, maana ilikuwa na mafuta ya nyama, akaona pipa la kulia bado limejaa, akakumbuka kwamba Alhamisi hakuna aliyeosha kreti wala aliyewapelekea nguruwe. Akachukua kata, akaizamisha mpaka chini. Kata ikapanda na ganda la chungwa.

Alilitazama ganda lile. Akazamisha tena. Yakapanda mawili.

Akageukia pipa la kushoto, lililotolewa soda, akalipindua kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa safi. Halikuwa na ganda hata moja. Na nyuma yake, kwenye kona ambayo Delfina hupitia siku zote akiwa na ndoo, alikuta kumerundikwa kuni za tanuri la mikate. Delfina alikuwa amezunguka upande wa pili, kushoto kwake kukawa kulia, na mapipa yakabadilishana kazi. Jambo dogo hivyo tu. Mtu mwenye ulimi angelijua kabla kijiko hakijatoka mdomoni.

Kwa hiyo Efraín hakuja. Walichokuwa wakikishangilia kule nyumbani ni maji ya nguruwe.

Nje kelele zilikuwa zikiendelea, mtu ameshaleta ngoma. Basilia alikaa juu ya kreti. Aliyapanga mambo kichwani kimoja baada ya kingine, kwa utulivu uleule. Jumatatu kreti arobaini za maji matupu zitashuka La Paz. Wauzaji watazifungua, watatema, na hawatanunua tena, na kazi ya Efraín itakufa kama alivyokufa yeye. Kuzizuia kulihitaji neno moja. Neno hilo lingetoka hapa mpaka kwenye mapaja ya Mama Melchora na kumnyang'anya ile chupa. Na miaka mingine haikuwapo. Huu ndio ulikuwa wa tatu.

Hakuwa amefika mwisho wa kupanga mlango ulipotiwa kivuli. Bibi alikuwa amemfuata, chupa bado ameikumbatia.

"Kiu itawaua wale, we binti. Umelala?"

"Mama," Basilia akasema. "Ni maji ya pili."

Mama Melchora alipika kwenye banda hili tangu siku yake ya kwanza, hakuhitaji kurudiwa. Alitazama kata, akatazama ganda, akatazama pipa lililopinduliwa. Uso wake ulijikunja polepole. Alikaa juu ya kreti ya pili, magoti kwa magoti.

"Nani alionja?"

"Mimi."

"Na huo ulimi wako?"

"Haupo."

"Haupo vipi?"

"Haupo, Mama. Hausikii chumvi. Hausikii koka. Nimekuwa nikiitikia tu."

"Tangu lini?"

Hapo ndipo ilipokuwa. Basilia akaisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya kulisikia. Akasema habari ya wingu, na majani, na tone moja tu mama. Akasema, "Alinishikia kijiko, nikageuza uso. Nilimwambia akawape nguruwe. Nguruwe, Mama. Halafu akaenda. Sijui kama alicheka. Ni mimi aliyenikasirikia. Wewe alikukosesha kwa sababu yangu."

Ngoma nje ilibadilisha mwendo.

"Miaka mitatu husikii ladha," bibi alisema.

"Miaka mitatu."

"Ya kitu chochote."

"Ya kitu chochote."

"Na kulia?"

"Nako pia hakuna."

Mama Melchora akaiweka chupa chini, taratibu, isigonge.

"Mimi mjinga," alisema. "Nimekuwa nikionja chupa. Miaka yote hii nikionja chupa." Akamshika Basilia kidevu kwa vidole viwili, vikavu kama maganda, akamgeuza kwenye mwanga, kama anavyogeuzwa mtoto anayekaguliwa meno. "Kitu alichokinywa mfu kinabakije?"

Basilia aliangusha macho kwenye kata.

"Jibu. Wewe si mgeni hapa. Kinabakije?"

"Kinabaki na umbo. Ladha inakwenda."

"Ee. Sasa jitazame." Akauachia uso. "Hakuja mezani kwangu kwa kuwa hakuondoka kwako. Tangu siku ile yuko hapo anakunywa, mroho yule, tangu mdogo haachii titi mpaka apigwe kofi. Mtu amekasirika, atakaa miaka mitatu? Angekuwa amekasirika angeenda zake siku ya kwanza."

Basilia alisikia maneno, akayaelewa, na yakakaa mbele yake kama sahani ambayo hujui kama ni yako.

"Leo ni mwaka wa tatu," bibi akasema. "Tumemsindikiza mlangoni. Nawe mwachie. Kashiba."

"Na kreti?"

"Haziendi popote. Nitamwambia Nicanor mwenyewe. Tena arudi na rangi yake."

"Watasema hakuja."

"Waseme. Mwanangu namjua mimi."

Akasimama kwa kujisukuma magoti. Ukutani kilikuwa kimetundikwa kijiko cha kuonjea, cha bati, chenye mpini uliopinda. Akakitwaa, akakifuta kwa shali, akakizamisha kwenye pipa la kulia. Akaja nacho, mkono wa pili umekinga chini.

Basilia alikitazama kijiko kikija. Maji ya koka na ganda la chungwa. Aliyapitisha mapipa na mapipa, hajawahi kuyaonja. Shingo yake ilitaka kugeuka, akaizuia. Akafungua mdomo.

Hakuhesabu mpaka nane. Mwanzo hakukuwa na kitu, ni unyevu tu. Kisha mahali fulani pembeni, chini kabisa ya shavu, kitu kikamfinya. Kilikuwa kidogo, kibaya, kikali. Akakunja uso. Akameza, kikamfinya tena.

"Imechacha," akasema.

Mama Melchora akachota naye, akaonja, akatema sakafuni.

"Imechacha kweli. Siku tatu kwenye joto hili, ulitegemea nini?" Akaweka kijiko mfukoni, akakamata ukingo wa pipa kwa mikono miwili. "Usikae unalia hapo. Shika huko, tuimwage."